Kabla ya Tulpa Kulikuwa na Juogi

Wasee, kuna swali ambalo hunifikia usiku wa manane, na anayeuliza karibu kila mara yuko peke yake kwa keja. "Nimesoma kuhusu tulpa. Nianzie wapi?" Wengine wako Kondele, wengine Nyalenda, wengine bado wako shule na simu ni ya kufichwa chini ya godoro. Nimeona nijibu mara moja, kwa urefu, na nijibu kwa historia, juu watu wanakimbilia mazoezi bila kujua yalitoka wapi na nani aliyafanya kabla yao.

Kwa ambaye hii kitu ni ngeni: tulpa ni kiumbe wa akilini unayemjenga kwa makusudi mpaka, kwa maelezo ya wanaofanya hivyo, anaanza kuwa na mawazo yake mwenyewe. Si kama mhusika wa hadithi. Mhusika husema unachotaka aseme. Tulpa anatarajiwa siku moja akujibu jambo ambalo hukuliwaza. Wengi wa wanaojaribu wanasema wazi ni mambo ya akili tu, si jini wala malaika. Wachache wanaona ni roho kamili.

Hatua za mwanzo hufundishwa karibu kwa namna ile ile kila mahali. Kwanza unachagua umbo na tabia: ni mtu, ni mnyama, ni mpole, ni mcheshi. Unampa jina. Kila siku unatafuta mahali pa utulivu, unakaa nusu saa au saa nzima, unamchora akilini kipande kwa kipande, macho, nywele, sauti, venye anatembea, hata harufu yake. Halafu unaongea naye. Ukisonga ugali unamweleza unasonga ugali. Ukiwa kwa matatu unamwonyesha nje ya dirisha. Unamchukulia kama yuko tayari na anasikia, ila hajajua kujibu, vile mama huongea na mtoto mchanga bila kungoja atamke kitu. Kisha unangoja. Majibu ya kwanza yanasemekana kuwa madogo sana: kichwa kinakuwa kizito, hisia inakujia bila sababu, neno moja linapita. Hapo ndipo wengi hukwama kwa swali moja gumu: huyu ni yeye, ama ni mimi nimejijibu? Ushauri wa kawaida ni usibishane sana. Ukihisi ni yeye, mwamini, aendelee kukua.

Shika hizo hatua nne: umbo, jina, maongezi, kungoja. Tutakutana nazo tena mahali hukutarajia.

Ukiuliza tulpa ni ya wapi utaambiwa Tibet. Watawa, theluji, siri za miaka elfu. Neno lenyewe kweli ni la Kitibeti, na ni ndugu wa neno tulku, wanalotumia kwa lama anayeaminika kuzaliwa tena, Dalai Lama akiwa mmoja wao. Lakini kwao jambo hilo linahusu Buddha au mtakatifu mkubwa anayejidhihirisha kwa mwili ili awasaidie viumbe wengine. Halina habari na kijana mpweke anayejitengenezea rafiki. Mwaka 2015 wasomi wawili, Natasha Mikles na Joseph Laycock, walichapisha utafiti wakifuata nyayo za hili wazo kurudi nyuma, na nyayo zikawapeleka zaidi kwa Wazungu waliokuwa wanasoma Tibet kuliko kwa Watibeti wenyewe.

Jina kubwa katika safari hiyo ni la mwanamke, Alexandra David-Néel, Mfaransa aliyezaliwa 1868 na kufa 1969. Huyu mama alikuwa mtu hatari. Aliishi pangoni kule Sikkim akijifunza kwa mtawa mmoja, na mwaka 1924 akaingia Lhasa, mji uliokuwa umefungiwa wageni, akiwa amevaa kama ombaomba na uso umepakwa masizi. Lakini kabla ya Asia alikuwa amepita kwa Wateosofi, kikundi cha Wazungu kilichochanganya dini za Mashariki na imani zao kuhusu nguvu za mawazo. Viongozi wao Annie Besant na Charles Leadbeater waliandika kitabu kizima mwanzoni mwa karne ya 20 wakisema wazo likikazwa sana linapata umbo lake hewani. Kwa hivyo alipofika Tibet na kuliona lile neno, tayari alikuwa na chungu cha kulipikia.

Mwaka 1929 akatoa kitabu chake kuhusu mafumbo ya Tibet, na ndani yake kuna stori ambayo kila mtu wa tulpa anaijua hata kama hajui inatoka wapi. Anasimulia kwamba aliamua kujaribu mwenyewe. Akachagua umbo la mtawa mfupi, mnene, mchangamfu, mtu asiye na hila. Akajifungia miezi kadhaa, akifanya mazoezi ya kumwaza na taratibu zake. Mtawa akaanza kuonekana. Akawa mgeni wa kudumu. David-Néel alipoanza safari mtawa akafuatana naye, anatembea, anasimama, anatazama, bila yeye kumwamuru. Anasema siku moja mchungaji aliyeleta siagi alimwona mle hemani akadhani ni lama wa kweli.

Kisha mtawa akabadilika. Mashavu yakapungua, uso ukawa wa kejeli na ujanja. Akaanza kuwa msumbufu. Mwenyewe anasema ilimchukua nusu mwaka wa kung'ang'ana kumfuta.

Soma hiyo sehemu pole pole. Mwanamke aliyekuwa na miaka ya mafunzo ya kutuliza akili, aliyelala pangoni kwa baridi ya Himalaya, alitumia miezi michache kumleta na miezi sita kumwondoa. Shahidi wetu wa hayo yote ni yeye tu, na unaweza kuamua hakuona kitu. Sawa. Lakini hata ukiichukua kama hadithi, ndiyo hadithi iliyozaa hii shughuli, na nusu yake ya pili ndiyo watu huruka.

Baada ya hapo tulpa ikakaa kwa vitabu vya mambo ya ajabu mpaka intaneti ikaifufua. Mwaka 2009 hivi ikaanza kuzungumziwa kwenye 4chan, na 2012 mashabiki wa katuni ya farasi wadogo, My Little Pony, wakaichukua kwa nguvu. Ndio, farasi wa rangi ya waridi. Vijana wakubwa walitaka kuishi na wale farasi, na wakaandika miongozo ya namna ya kufanya hivyo. Mwongozo wowote utakaoupata leo unatokana na hao zaidi ya mtawa yeyote. Samuel Veissière, mtafiti wa chuo kikuu cha McGill huko Kanada, aliwachunguza miaka michache baadaye. Wengi walikuwa vijana wa mjini wa miaka 19 hadi 23, wenye haya mbele za watu, na sababu kubwa waliyoitaja ilikuwa upweke. Wengi pia walimwambia wanajisikia afadhali tangu waanze. Sitaficha hilo kwa sababu tu linanipinga.

Kuna jaribio lingine ambalo watu wa tulpa hawalitaji sana, na kwangu ndilo linafungua mlango. Toronto, 1972. Kikundi cha watu wa kawaida, wakiongozwa na A.R.G. Owen na mkewe Iris, waliamua kutunga mzimu. Walimbuni mtu ambaye hakuwahi kuishi, Philip Aylesford, bwana mkubwa wa Uingereza wa karne ya 17, wakamwandikia maisha yake yote, mke, mpenzi wa siri, kifo. Wakachora hata picha yake. Kisha karibu mwaka mzima wakakaa kimya wakitafakari ili aje. Hakuja mtu. Ndipo wakabadilisha mtindo: wakaacha ule ukimya, wakazunguka meza, wakaanza kuimba, kutaniana, kucheka, kumwita Philip kama rafiki wa karamu. Meza ikaanza kugonga. Gonga moja ndiyo, gonga mbili hapana. Kwamba waliigonga wenyewe bila kujijua, mimi naona hivyo, na wala si neno. Kilichonishika ni kwamba ukimya wa mwaka mzima haukuzaa kitu, na nyimbo zikazaa.

Nyimbo za watu wengi, zikiita mtu asiyeonekana aje aseme jina lake. Hapo mimi mtoto wa Sondu nikasema, ngoja kwanza, hii naijua.

Kama hujawahi kufika Sondu, ni soko lililokaa mahali kaunti tatu zinakutana, Kisumu, Kericho na Homa Bay. Mto Miriu unateremka kutoka Mau, unapita hapa, unaendelea hadi ziwani. Siku ya soko utasikia Kijaluo, Kikipsigis na Ekegusii kwa mzozo mmoja wa bei ya mbuzi. Ni mji wa biashara na pia ni mji wa mpaka, na mpaka huu una damu. Mwaka 2023 watu waliuawa hapa tena, nyumba zikachomwa, halafu baada ya siku chache wamama wakarudi kuuza ndizi kando kwa kando.

Kwa Wajaluo juogi ni roho zinazoweza kumshika mtu. Jina linatokana na juok, neno pana sana ambalo Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, alibishana nalo katika kitabu kizima kilichotoka 1971, akisema wamishonari walilipindua kulitafutia Mungu wao. Juogi wana aina. Kuna wa nam, yaani wa ziwa. Kuna wa ukoo, babu aliyesahauliwa anayetaka jina lake lipewe mtoto. Na kuna wageni, kati yao juogi wa Lang'o. Lang'o kwa Kijaluo cha zamani ni majirani wa juu kule, Wanandi, Wakipsigis, Wamaasai, watu tuliopigana nao na kuoana nao.

Dani yangu wa Nyakach alinisimulia jirani yao mmoja, mama aliyekuwa mgonjwa bila ugonjwa. Hali, halali, anakaa kando ya nyumba akinung'unika. Akapelekwa kwa ajuoga, mganga anayewajua juogi. Hakupewa dawa akarudishwa. Alikaa pale siku nyingi. Jioni watu walikusanyika, wanaimba, wanatikisa vibuyu vyenye mbegu juu ya kichwa chake, wimbo mmoja kisha mwingine, wakitafuta ni wimbo gani utamtingisha. Kila roho ina wimbo wake. Ukipigwa wa ziwa akatulia tu, basi si wa ziwa. Ulipopigwa wa Lang'o akaruka, akashika fimbo kama mkuki, akaanza kusema kitu ambacho dani anaapa kilikuwa Kikipsigis, na huyo mama hakuwa anajua Kikipsigis. (Nikamwuliza dani, wewe je, unajua Kikipsigis, ndio utambue? Akanitazama tu.)

Kisha yakaanza mazungumzo. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Roho ikataja jina. Ikadai mbuzi, ikadai shanga, ikadai siku fulani isiguswe na kazi. Ajuoga akabishana nayo bei, kabisa, kama soko la Sondu: mbuzi sawa, ng'ombe hapana, hawa watu ni maskini. Wakakubaliana. Baada ya hapo mama hakuwa mtu aliyeponywa kwa maana ya kwamba roho imeondoka. Alikuwa mtu anayeishi nayo. Ana wimbo wa kuiita na siku ya kuilisha, na siku nyingine zote anapanda mahindi kama kila mtu.

Sasa rudisha zile hatua nne. Umbo: hapa halichaguliwi kwa katuni, linatafutwa kwa nyimbo kutoka orodha ambayo kila mtu kijijini anaijua. Jina: roho ndiyo inalitaja, mbele ya mashahidi. Maongezi: yapo, lakini ajuoga ndiye anayeanza, mgonjwa hajaachiwa azungumze na kitu hicho peke yake gizani. Kungoja: kupo, na kila mtu anangoja pamoja. Lile swali gumu la huyu ni yeye ama ni mimi, ambalo linakula watu usiku, hapa halimwangukii mwenye roho. Ni kazi ya wale waliokaa kando, wanaotazama macho yake na kusema bado, ama huyo amekuja.

Na Pwani ni hivyo hivyo, kwa mapambo yao. Neno lao ni pepo, na anayepandwa huitwa kiti, na kwa kweli sijaona jina lililo wazi kuliko hilo. Wewe ni kiti, mwingine ndiye anayekalia, na kiti kina wenyewe nyumbani. Mwaka 1936 Hans Koritschoner, Mwaustria aliyekuwa Tanganyika na ambaye baadaye alijiita Hans Cory, alichapisha maelezo marefu ya ngoma ya sheitani, na akaiita wazi tiba ya maradhi ya akili. Huyo ni Mzungu wa 1936, wakati wenzake wengi waliona upuuzi mtupu. Unguja, Kjersti Larsen wa Norway aliandika kitabu kilichotoka 2008 kuhusu watu na masheitani wanaoishi nao: kuna ruhani ambao ni Waarabu Waislamu wapendao marashi, kuna wa rubamba kutoka Pemba, kuna wa habeshia kutoka Ethiopia, kuna kibuki kutoka Bukini, yaani Madagascar, Wakristo hao, na wanadai brandi. Kila mmoja ana kabila, dini, nguo na chakula chake.

Umeona hao ni akina nani? Karibu wote ni wageni. Mwarabu aliyetawala, Mhabeshi, Mbuki wa ng'ambo ya bahari, na kwetu Lang'o mwenye mkuki. Watu wa zamani hawakujaza vichwa vyao na warembo wa kuwapenda tu. Waliyekuwa wakimwogopa, waliyemwua au aliyewaua, ndiye aliyekuja kuketi, na ilibidi apewe jina, alishwe, asikilizwe kwa lugha yake. Kwa mtu wa Sondu hilo ni jambo zito. Yule mama wa Nyakach alibeba Mkipsigis ndani yake miaka mingi na akamheshimu kuliko sisi tunavyoheshimiana kwa soko siku kukiwa na fujo. Linganisha na orodha ya tabia ambayo mwongozo wa tulpa unakuambia ujaze: mpole, mwaminifu, anakuelewa, haondoki. Mwanzoni yule mtawa mnene alikuwa hivyo hivyo.

Lakini nisije nikawafanya mababu malaika. Kikundi nacho kinaweza kupotea, na mfano mkubwa uko papa hapa ziwani.

Mwaka 1913, Alego, mtu anayeitwa Onyango Dunde alisema joka kubwa kutoka ziwani lilimmeza, likamtema akiwa mzima, na likampa maneno ya kusema. Joka lilijiita Mumbo, mwenye makao mawili, moja juani na moja ziwani. Mumbo kama roho ya nam alikuwa akijulikana kwa watu hata kabla. Lakini sasa alikuwa na ujumbe wa kisiasa: dini ya Wazungu imeoza, Wazungu wenyewe wataondoka, rudini kwa nywele ndefu na desturi za wazee, mnitolee kuku. Na acheni kulima, kwa sababu chakula kitajileta chenyewe, na ng'ombe na mbuzi watatoka ziwani kwa wingi.

Ikaenea kutoka Alego hadi kwa Wagusii. Septemba 1914, Wajerumani walipoingia mji wa Kisii na Waingereza wakaondoka kwa muda, wengi waliona utabiri unatimia, na mji ukaporwa. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali. Miaka ya 1920 serikali iliwakamata viongozi wa Mumbo na kuwapeleka Lamu, mwisho kabisa wa nchi. Haikuisha. Iliibuka tena miaka ya 1930, na mwaka 1954 serikali ya mkoloni bado iliona ni lazima kuipiga marufuku rasmi. Miaka arobaini wakipigana na sauti iliyotoka majini.

Mimi naipenda stori ya Mumbo kwa sababu inaonyesha sauti kama hiyo inaweza kuwa na hekima na hatari kwa pumzi moja. Kwamba mkoloni ni adui na ataondoka, hiyo ilikuwa kweli, na kuisema 1913 kulihitaji moyo. Kwamba usipande shamba, hiyo ni njaa. Na hakukuwa na ajuoga wa kubishana na Mumbo bei: Wazungu sawa, lakini kulima tutalima. Sauti ilipoacha kuulizwa maswali ikawa amri.

Baadaye haya mambo yaliingia kanisani, yakavaa kanzu. Dini ya Roho ilishika Nyanza miaka ya 1930, na kufikia 1963 Legio Maria ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko ilikuwa inavuta maelfu, watu wakinena, wakitoa pepo, wakipokea roho watakatifu. Ukipita makanisa ya kando ya barabara kutoka Sondu hadi Katito Jumapili, utasikia ngoma. Usiniambie hakuna kitu kilichobaki.

Sasa sayansi inasema nini? Mwanaanthropolojia wa Marekani, Tanya Luhrmann, aliwapa Wakristo zoezi: nusu saa kila siku, kwa mwezi mmoja, wakae wakiiwaza Biblia kwa picha kamili, waone, wasikie, wanuse, waongee na Yesu ndani ya hiyo picha. Wengine walipewa mihadhara ya kusikiliza. Waliofanya zoezi ndio walioripoti picha kali zaidi akilini na mambo kama kusikia sauti au kuhisi mtu yuko karibu. Kwa hivyo hapana, hamjidanganyi kwamba mazoezi yanafanya kitu. Akili hujifunza, kama vile vidole hujifunza nyatiti.

Huyo huyo, na wenzake, walizungumza na watu 60 wenye skizofrenia wanaosikia sauti: 20 San Mateo huko California, 20 Accra, 20 Chennai. Wamarekani wengi walielezea sauti za matusi na za ukatili, uvamizi wa kichwa chao. Kwa Accra na Chennai wengi walizungumzia sauti kama watu wanaohusiana nao, Mungu, jamaa, dada anayekukumbusha kazi za nyumbani. Ugonjwa ni ule ule, na dawa wanahitaji wote. Ila namna watu wanaokuzunguka wanavyoichukulia sauti inaonekana kuibadilisha sauti yenyewe. Ukisoma hilo ukiwa peke yako saa nane usiku, ukiwa na kitu ulichoanza kukijenga na hakuna mtu duniani anayejua unakijenga, utaona kwa nini nimeandika haya yote.

Jibu langu basi. Kama sababu ni kwamba huna mtu wa kuongea naye, tulpa atakuchukua saa moja kwa siku, miezi, kabla ya kukupa neno moja. Saa moja kwa siku kwa mwezi mmoja ukikaa kwa kibanda cha chapo pale stendi utakuwa na marafiki watano, wawili wakiwa wa kukopa pesa. Huo ni utani, lakini hesabu ni sawa. Kama tayari unasikia sauti ambazo hukuziita, au umekaa siku kadhaa bila usingizi, au kuna kitu ndani yako kinakuambia ujiumize, usianze chochote. Hiyo ni ya daktari, na kwenda si aibu. Yule mama wa Nyakach alipelekwa na watu, hakuachwa.

Na kama una afya, una udadisi na umeamua, basi fanya kama watu wa hapa walivyofanya. Mwambie mtu mmoja. Mpe jina la huyo kiumbe siku unapompa wewe, ili kuwe na shahidi. Mpe kiumbe siku zake na saa zake, na nje ya hizo usimjibu. Akikuambia jambo, bishana naye bei. Mpangie kabla hujaanza ni wimbo gani utaimba ukitaka atulie. Rafiki yako akikuambia umebadilika, umekonda, huchekicheki tena, mwamini yeye kuliko mtawa.